Amenyamaza, Amekubali?



Ndugu zangu wasomaji, tangu nianze kusoma fiqhi ya ndoa hapa chuoni, kauli niliyoisikia mara nyingi kuliko nyingine ni hii: bikira akinyamaza, amekubali. Mwalimu huisema, sisi huiandika, na kwenye mtihani huja kama swali la alama mbili. Mimi nimetoka mahali ambapo kauli hiyo huamua maisha ya watu, na si katika ndoa peke yake. Ndiyo maana nimeona niulize swali ambalo mtihani hauliulizi: mtu ambaye hakusema neno, ni nani mwenye haki ya kusema kwamba amesema?

Sibishi kwamba watu huongea bila maneno. Qur'ani yenyewe inatuonesha. Nabii Zakariya (A.S.) alipobashiriwa mtoto katika uzee wake aliomba alama, akaambiwa kwamba kwa siku tatu hatasema na watu ila kwa ishara (Aal Imran: 41). Akatoka mihrabuni, akawaashiria watu wake wamtukuze Mola asubuhi na jioni (Maryam: 11). Amri ya ibada ilifikishwa kwa mkono. Katika sura hiyo hiyo ya Maryam, aya ya 29, Bibi Maryam (A.S.) amerudi kwa jamaa zake na mtoto mikononi, ameweka nadhiri ya kutosema na mtu, nao wanamshambulia kwa maneno. Akamwashiria mtoto. Ishara yake ilieleweka vizuri kabisa, lakini waliikataa papo hapo: vipi tuseme na mtoto aliye kwenye susu? Wa Zakariya walikuwa wanamsubiri nabii wao atoke. Wa Maryam walikuwa wamekuja na hukumu yao tayari. Wote waliona mkono tu. Kwa hiyo mwenye kuisoma ishara naye ana sehemu yake katika maana, na ataulizwa kwa hiyo sehemu yake.

Hata uso ambao hakuna aliyeuona huandikwa. Tunaijua sote sababu ya kushuka Surat Abasa. Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.) alikuwa kipofu. Kule kukunjwa kwa uso hakukuona, na huenda asingekujua kabisa. Aya zikashuka hata hivyo.

Sasa niwapeleke kwetu. Rumonge, kwa wasiopajua, ni mji ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kama kilomita 70 kusini ya Bujumbura. Ni mji wa samaki na mawese. Kirundi ndicho cha nyumbani kwa wengi, Kiswahili ni cha sokoni, ufukweni na msikitini, Kifaransa ni cha shule na ofisi, na ndugu wa Kongo wanaovuka kutoka Baraka na Fizi wanakuja na Kibembe chao. Mahali penye lugha nyingi namna hiyo mwili hujifunza kufanya kazi. Ukimpa mzee kitu, unampa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeugusa mkono wa kulia karibu na kiwiko. Haijalishi mzee huyo ni wa lugha gani, ameshajua kwamba umelelewa.

Lakini mfano ninaoupenda ni wa ziwani. Mjomba wangu anavua ndagala, hao ambao ng'ambo ya Kigoma wanaitwa dagaa. Huvuliwa usiku wa giza, kwa taa: zamani karabai, siku hizi taa za betri. Mwezi ukiwa mkubwa watu hulala nyumbani, maana taa haiwezi kushindana nao. Mitumbwi miwili hufungwa pamoja kwa miti, wavu hushushwa chini ya taa, ndagala hukusanyika juu yake, kisha wavu huinuliwa. Kila mtu ana kamba yake. Upande mmoja ukitangulia, wavu huinama na samaki wote wanarudi majini. Mjomba anasema katika kundi lao hakuna anayehesabu. Mmoja huikaza kamba kidogo, wengine wanaihisi mikononi, wanavuta.

Nilimuuliza: je, kibarua mgeni akija? Akanijibu kwamba mgeni huambiwa kwa maneno, wiki nzima au zaidi, mpaka mkono wake ujue. Kamba haimwambii kitu mtu ambaye bado hawajakubaliana naye kamba inasema nini.

Nilikuja kukutana na jibu hilo hilo darasani. Majallat al-Ahkam al-Adliyya, sheria za muamalat ambazo Dola ya Uthmaniya ilizitoa kati ya mwaka 1869 na 1876, ina kanuni ya 70 inayosema kwamba ishara za bubu zinazojulikana zina nguvu sawa na maelezo ya ulimi. Neno la Kiarabu pale ni *ma'huda*: ishara iliyozoeleka, ambayo watu wana ahadi nayo. Ishara yoyote tu haitoshi. Na kanuni ya 67, ambayo asili yake hunasibishwa na Imam Shafi (R.A.), inasema kwamba aliyenyamaza hapachikwi kauli, kisha inaongeza kwamba kunyamaza mahali ambapo mtu alihitajika kusema kunahesabiwa kuwa ni kusema. Wanafunzi wengi tunashika nusu ya pili kwa sababu ndiyo yenye faida kwa mwenye shughuli. Nusu ya kwanza ndiyo msingi, ya pili imekuja kuivua sehemu ndogo.

Turudi kwa bikira. Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, hakuna wa kuitilia shaka. Mtume (S.A.W.) alisema bikira atakwe idhini. Bibi Aisha (R.A.) akaeleza kwamba bikira huona haya. Akajibiwa kwamba idhini yake ni kule kunyamaza kwake. Tazameni mpangilio wake. Amri ya kuulizwa imetangulia. Swali la haya limefuata. Ruhusa ya kimya imekuja mwisho, kumwondolea binti uzito wa kutamka mbele ya baba yake jambo ambalo ulimi wake unaona aibu kulitamka. Ni ruhusa ya binti. Wazee wakiichukua wakaifanya njia fupi ya kumaliza shughuli kabla chakula hakijapoa, wamechukua kisichokuwa chao.

Na kwa aliyewahi kuolewa hadithi imetaka kauli. Khansa bint Khidam (R.A.) aliozeshwa na baba yake naye hataki, akaenda kwa Mtume (S.A.W.), na ndoa ile ikavunjwa.

Najua kuna atakayenikumbusha madhhab yetu. Sisi Waislamu wa upande huu wengi wetu ni Shafi, na kwa Mashafi baba ana ijbari juu ya binti yake bikira: anaweza kumuoza hata bila idhini, na kumuuliza ni jambo linalopendekezwa. Ni kweli, na sitalificha kwa sababu tu halinifurahishi. Lakini wanaolitaja huyasahau masharti yake: pasiwe na uadui wa wazi baina ya baba na binti, mume awe anayelingana naye, mahari yasipungue ya mwanamke wa hali yake. Imam Abu Hanifa yeye aliona bikira aliyebaleghe na mwenye akili haozwi bila ridhaa yake, na Ibn Taymiyya, pamoja na kuwa Hanbali, aliipinga ijbari kwa nguvu. Mas'ala haya yana khilafu, hayajafungwa.

Na Mahanafi, kwa kuwa waliihitaji ile ridhaa, walilazimika kuusoma mwili kwa makini kuliko mtu mwingine yeyote. Walijadili kicheko: cha furaha ni ridhaa, cha dhihaka si ridhaa. Walijadili kilio: cha sauti wakakiona kuwa ni kukataa, cha kimya wakakiwekea maneno yake. Wapo waliosema machozi ya baridi ni ya kukubali na ya moto ni ya kukataa. (Nilicheka maktaba nzima ikanigeukia. Nani atapeleka kidole shavuni kupima?) Lakini kati ya hayo kuna jambo zito. Walisema kimya kinatosha endapo anayeuliza ni walii au mjumbe wake, na endapo binti ametajiwa mume ni nani hasa. Akiuliza mtu wa mbali asiyekuwa walii, kimya hakitoshi, lazima aseme. Ni maneno ya mjomba tena: kamba inaongea baina ya watu wanaoijua.

Kwetu, siku ya kuozesha, bibi harusi hukaa chumba cha ndani pamoja na shangazi na wanawake wa ukoo. Wazee wawili huja mlangoni kumuuliza. Wanauliza mara tatu. Kimya. Shangazi mmoja anasema, "Amekubali," vigelegele vinapigwa, wazee wanarudi uani. Yote huisha kwa dakika mbili. Hakuna anayetazama kinachopita baina ya wanawake ndani ya chumba kile: goti linalobonyezwa, jicho la shangazi mkubwa. Katika ufunguzi wa Makka, mwaka wa 8 Hijria, masahaba walimuuliza Mtume (S.A.W.) kwa nini hakuwakonyeza kuhusu mtu fulani, nao wangemuua. Alijibu kwamba haimfalii nabii kuwa na macho ya hiana. Tunaijua hadithi hiyo katika vita. Chumba cha bibi harusi hatukifikirii, ambako kimya cha binti kinasomwa, na macho yanayomwambia anyamaze hayasomwi na mtu.

Nitasimulia tukio moja la ukoo wetu, kwa ruhusa ya mwenyewe, majina nimeyaacha. Binti alikuwa na miaka 19. Mume alikuwa mfanyabiashara, mtu wa heshima, na posa ilikuwa imepokewa na kila mtu. Mmoja wa wazee waliokuja mlangoni alikuwa mzee wa msikitini kwetu, mtu wa maneno machache. Aliuliza mara ya kwanza, kimya. Shangazi akafungua kinywa, mzee akainua kiganja. Akaomba wanawake wote watoke, abaki bibi yake binti peke yake. Mwenzake naye akamwacha nje.

Kisha akatoa tasbihi mfukoni, akaiweka juu ya mkeka. Akasema: "Mwanangu, ukiridhika, ichukue. Ukiiacha, mimi ndiye nitakayeahirisha, wewe hutasema kitu wala hutaulizwa." Akageuka, akatazama ukuta.

Bibi ndiye aliyetusimulia baadaye. Alisema mzee alisimama vile kwa muda ambao mtu angeweza kusoma nusu ya Yasin. Binti hakuigusa tasbihi. Mzee akageuka, akaiokota, akatoka. Uani alisema kwamba karatasi za komini hazijakamilika na yeye hatashuhudia ndoa isiyokuwa na karatasi. Na kweli hazikuwa zimekamilika. Watu walikuwa wamekubaliana zifuate baadaye, ingawa sheria ya Burundi inaitambua ndoa iliyofungwa mbele ya afisa wa serikali. Hakusema uongo hata neno moja. Watu walikula pilau, wakalaumu ofisi, wakaondoka. Posa ikafa taratibu, bila ugomvi.

Nimelifikiria tukio hili sana, pengine kupita kiasi. Kitu alichofanya mzee ni kuigeuza ishara. Katika desturi yetu kukubali ni rahisi, kwa kuwa hakuhitaji kitu, na kukataa kunahitaji binti avunje kimya mbele ya shangazi saba, chakula kikiwa motoni na wageni wakiwa wameshafika. Yeye alifanya kukataa ndiko kusikohitaji kitu, na kukubali kuhitaji mkono unyooshwe. Halafu akaondoa macho yake. Kimya cha mara ya kwanza na kimya cha mara ya pili vilikuwa vya binti yule yule, ndani ya chumba kile kile, dakika chache tu baina yao. Kwa kimya cha kwanza angekuwa mke wa mtu.

Ami mmoja alikasirika alipojua. Alisema mzee ameingilia haki ya baba, na kwamba katika fiqhi yetu mashahidi wawili wanashuhudia ijabu na kabuli tu, ridhaa ya mwanamke kuishuhudia si sharti. Kwa upande wa fiqhi hajakosea: kushuhudia ridhaa kunapendekezwa, hakukulazimishwa. Ninachomuuliza ami ni kwa nini basi tunawatuma wazee mlangoni. Kama jibu halihitajiki, tusiulize. Kama tunauliza, tuulize kwa namna ambayo majibu yote mawili yanaweza kutoka.

Sitaki pia nieleweke kwamba nawataka dada zangu wapaze sauti mbele ya wazee. Haya ni sehemu ya imani, na nisingependa kuishi mahali ambapo kila kitu lazima kitamkwe na kutiwa saini. Tena maneno nayo yanalazimishwa. Nimewahi kusikia "ndiyo" iliyosemwa kama mtu anayelipa deni. Kwa hiyo kumtaka binti atamke hakutibu ugonjwa wenyewe. Ishara ya mtu ina maana kwa kadiri alivyokuwa na nafasi ya kutoa nyingine. Mvuvi anayeikaza kamba angeweza kuiacha legevu. Ndiyo maana wenzake wanamwamini. Aliyefungwa mikono, kutotikisika kwake hakumwelezi mtu chochote.

Nilisema si katika ndoa peke yake. Tarehe 29 Aprili 1972 machafuko yalianza kusini mwa Burundi, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo, na kisasi cha dola kilichofuata kiliua watu ambao makadirio yanawaweka kati ya 100,000 na 300,000. Wengi walikimbilia Tanzania, wakawekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba yao ya michikichi hayakukaa wazi. Wengine walipewa na serikali, wengine wakanunua kwa nia njema kutoka kwa waliopewa, wakazaa, wakazika wazee wao humo. Baada ya Makubaliano ya Arusha ya Agosti 2000, na kwa wingi zaidi kuanzia 2008, wenye mashamba au watoto wao walirudi. Serikali ilikuwa imeunda tume ya ardhi, CNTB, mwaka 2006, na Rumonge ikawa mojawapo ya sehemu zilizoipa kazi kubwa. Waliorudi wakaambiwa maneno tunayoyajua: mlinyamaza miaka zaidi ya 30, mlikuwa mmeshaacha.

Hapa Majalla inanishangaza. Kanuni ya 1660 inasema madai mengi hayasikilizwi baada ya miaka 15. Kisha ya 1663 inaeleza kwamba muda unaohesabiwa ni ule usiokuwa na udhuru. Mdai akiwa mtoto, au hana akili, au yuko mbali safarini, au hasimu wake ni mwenye nguvu za kumtisha, muda huo hauhesabiwi. Na ya 1674 inasema haki haiporomoki kwa kupitwa na wakati. Mbali safarini, na hasimu mwenye nguvu: ukiisoma utadhani iliandikwa kwa ajili ya watu wa Mishamo. Waliokutwa kwenye mashamba nao hawakuwa wezi wote, na sisemi watupwe nje. Nasema tu kwamba kile kimya cha miaka 30 hakikuwa neno, na mtu asikitumie kama neno.

Nawajua majirani wawili, Waislamu wote, mmoja aliyerudi na mmoja aliyekutwa, ambao shamba lao liligawanywa nusu kwa nusu. Kwa miaka hawakusalimiana. Mmoja alipofiwa na mkewe, mwenzake alikuja, akabeba jeneza na wengine, akakaa mkekani siku tatu bila kusema neno na mwenye msiba, akarudi kwake. Mtaa mzima ukasema wamepatana, alhamdulillahi. Nilimuuliza mwanawe, tuliyesoma pamoja. Akaniambia, "Baba hakusema amesamehe. Alikuja kuzika."

Mimi naona alichofanya kilikuwa kikubwa, hata kama si kile ambacho mtaa ulitaka kiwe. Sasa kuna watu wanaopanga kuwasimamisha wote wawili mbele ya safu Idi ijayo, washikane mikono kila mtu aone. Afadhali wangewauliza kwanza, kila mmoja peke yake.